Kabla Hujaweka Nafasi kwenye Mgahawa wa Nyota

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii. Anataka kumtoa mkewe siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, jiji ni kubwa, migahawa ya kifahari imejaa. Je, afuate nyota za Michelin tu, zile alama za ubora ambazo migahawa hupewa?

Peke yake hazitoshi, na nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka jana niliweka nafasi mapema kwenye mgahawa mmoja wenye nyota, jina nitalihifadhi. Suti imenyooshwa, na tumefika kabla ya saa. Binti wa mapokezi akanitazama viatu kwanza, ndipo akatafuta jina langu kwenye orodha. Meza za dirishani zilikuwa tupu, sisi tukaketishwa ubavuni mwa mlango wa jikoni, kila mhudumu anayetoka na sinia anakupitishia kiwiko sikioni. Chakula, nisiwe mwongo, kilikuwa kitamu ajabu. Lakini kila nilipouliza habari za mvinyo, mhudumu aliweka kidole kwenye bei badala ya kunijibu. Pesa ni yangu, jamani! Mpaka leo inaniuma.

Sasa elewa jambo hili. Michelin ni kampuni ya matairi; ilianza kutoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1900 kwa ajili ya wenye magari, nyota zikaja 1926. Wakaguzi wake huenda bila kujitambulisha, hulipa bili yao, na nyota wanaitoa kwa kilicho kwenye sahani: ubora wa viambato, ufundi wa mapishi, ulinganifu wa ladha, mkono wa mpishi mwenyewe, na kama leo na kesho ni vilevile. Ukarimu haumo. Mapambo hayamo. Mwenye mfuko wa kawaida atafute alama ya Bib Gourmand, iliyoanza 1997 kwa chakula kizuri cha bei ya wastani.

Mimi siku hizi ni mtu wa bistro, yaani mgahawa mdogo usio na makuu. Mwaka 1992, huko Paris, mpishi Yves Camdeborde, aliyetoka kwenye jikoni za hoteli kubwa, alifungua bistro yake, La Régalade, akapika kwa ufundi uleule kwa bei ya watu wa kawaida, na wengi wakamfuata. Menyu ya bistro ikiwa fupi na inabadilika kila mara, ingia. Ikiwa na kurasa kama daftari la deni, pita.

Na nenda mchana, ndugu yangu. Mpishi ni yuleyule, bili mara nyingi ni ndogo zaidi. Tuache kula kwa ajili ya picha! Watu wanapiga picha sahani mpaka chakula kinapoa, halafu wanalalamika mpishi hajui kazi.

Kwa kaka aliyeniandikia: piga simu, usitume ujumbe. Uliza kama meza nzima inalazimika kuchukua menyu ya kuonja, ile ya sahani ndogondogo nyingi anazopanga mpishi. Taja meza unayoitaka. Anayepokea simu akianza kukujibu kwa mkato, kata, piga kwingine.