Ryokan ya kale yenye maji moto: jibu langu kwa dada anayekwenda Tokyo Novemba

Dada, umesema mnakwenda Tokyo kwa mkutano, na umeuliza mambo matatu: kama inafaa kutoa pesa yote ile kwa usiku mmoja kwenye ryokan ya kale, yaani nyumba ya wageni ya Kijapani, kama ni lazima kuoga uchi mbele za watu, na kama wewe na mzee wako, mkiwa Waislamu, mtapata cha kula. Naanza na la pesa, maana wengi humu kundini wamekujibu kwa mkato kwamba ni ghali uachane nayo, na mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Bei ya ryokan huhesabiwa kwa kichwa, si kwa chumba, na ndani yake mna chakula cha jioni, cha asubuhi na kuoga kila unapotaka. Ukikuta yeni 15,000 mpaka 30,000 kwa mtu, hiyo ni nyumba ya wastani. Zipo za juu zaidi ya hapo, ila huzihitaji. Kuna na kodi ndogo ya kuoga, sehemu nyingi yeni 150 kwa mtu. Ukitoa gharama ya milo miwili, na mlo wa jioni wenyewe ni visahani chungu nzima, unaona pesa imekwenda wapi. Kinachowaumiza watu ni kuingia saa mbili usiku wamechoka, wakalala, asubuhi wakaondoka. Hao wamenunua kitanda, tena kitanda chenyewe hakipo, ni godoro linalotandikwa juu ya tatami, yale majamvi ya Kijapani yanayofunika sakafu. Fika saa tisa alasiri mlango unapofunguliwa, oga, pumzika, kula, oga tena, lala, amka mapema uoge, kula, ndipo uondoke kwenye saa nne. Kama huwezi kuwapo hapo alasiri nzima, basi kweli usiende.

Sasa hili la ukale. Wengi wakisikia "ya kihistoria" wanakimbilia ile yenye umri mkubwa kuliko zote. Nishiyama Onsen Keiunkan, kule Yamanashi, inahesabiwa kuwa ilianza mwaka 705 na imo kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kama hoteli kongwe kuliko zote duniani. Ni jambo la kuheshimu, familia na warithi wao kushika kazi moja miaka yote hiyo. Lakini jengo unalolala leo si la kale. Kwa hiyo jiulize unachotaka ni nini: umri wa biashara, umri wa mbao, au ubora wa maji. Mimi ningeanza na maji.

Sheria ya Japani ya mwaka 1948 inasema maji yakitoka ardhini na joto la nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na kiasi fulani cha moja kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa, yanaitwa onsen. Angalia huo mlango ulivyo mpana. Maji ya nyuzi 25 ni ya baridi kwa kuoga, lazima yachemshwe. Wengine huyachuja na kuyazungusha upya siku nzima, wakatia na dawa ya klorini. Mwaka 2004 kulizuka kashfa kubwa baada ya kugundulika kwamba Shirahone, mji wa maji moto maarufu kwa maji meupe kama maziwa, baadhi ya mabafu yalikuwa yakitiwa unga wa kuyapa rangi. Baada ya hapo ikawa lazima kila nyumba itangaze ukutani kama inaongeza maji, inayachemsha au inayazungusha. Karatasi hiyo iko chumba cha kuvulia nguo, pamoja na matokeo ya maabara. Niliwahi kulala nyumba moja ya kupendeza mno kwa nje, lakini bafuni ilinuka kama bwawa la kuogelea, na karatasi ukutani ilikuwa imesema kila kitu. Tangu hapo kabla sijalipa nauliza swali moja tu: maji ni gensen kakenagashi? Yaani yanatoka chemchemini, yanajaa, yanamwagika nje, hayarudi. Ukiingia, tazama ukingo wa birika: kama maji yanafurika polepole bila kukoma na jiwe limejenga utando wa chumvi, umefika penyewe.

Nyumba ninayokupendekezea ni Sekizenkan, Shima Onsen, mkoa wa Gunma. Jengo lake la kwanza, Honkan, ni la mwaka 1691, la mbao, liko ng'ambo ya daraja jekundu na mto unapita mbele yake. Hapo zamani watu hawakuja kutalii, walikuja kujitibu. Mkulima akishamaliza kuvuna alikuja na mchele wake, akajipikia, akakaa wiki mbili tatu akiingia majini mara kadhaa kwa siku. Ndiyo maana vyumba vya Honkan ni vya kawaida sana mpaka leo. Mwaka 1954 Shima ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kabisa kutambuliwa na serikali kuwa kituo cha taifa cha maji moto ya afya, na maji yake yananyweka. Utakuta sehemu za kunywea na kata yake. Yana chumvichumvi, kunywa kidogo tu.

Bafu la Genroku no Yu, lililojengwa 1930, ndilo lililonifunga moyo. Unafungua mlango na mbele yako ni ukumbi mmoja, hakuna chumba cha kuvulia nguo kilichotengwa, rafu za nguo ziko palepale kando ya maji. Madirisha marefu yenye matao juu, sakafu ya vigae, na mabirika matano ya mawe yamezama sakafuni, kila moja linatosha mtu mmoja au wawili. Pembeni kuna vijumba vya mvuke vidogo mno, unainama kuingia, unakaa gizani jasho likikutoka. Asubuhi jua likipita kwenye yale madirisha, mvuke wote unageuka mweupe na huoni hata mguu wako mwenyewe. Wanawake wana upande wao, wanaume wao.

Nilikwenda pale na mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga. Mama magoti yanamsumbua, na kwake maji moto si habari mpya, amekulia akisikia watu wakienda kuoga maji ya kiberiti ya Amboni kwa ajili ya viungo. Hofu yake ilikuwa hiyohiyo yako. Jibu ni kwamba kwenye bafu la pamoja ndiyo, ni uchi kabisa, nguo ya kuogelea hairuhusiwi, na taulo dogo haliingii majini, unaliweka kichwani au kando. Lakini si lazima uende bafu la pamoja. Sekizenkan wana mabafu madogo ya familia kwenye jengo lao la Sanso, la mwaka 1936, unaingia na mtu wako, unafunga kwa ndani, hakuna anayekuona. Kwenda huko kutoka Honkan unapita chini kwa chini kwenye njia iliyochimbwa mlimani, kisha unapanda lifti. Kwa mama wa magoti, lifti ilikuwa rehema. Hapo ndipo tulipoogea mimi na yeye, na ni maji yaleyale. Nyinyi mke na mume, hapo ndipo pa kwenu. Nyumba nyingine hukodisha bafu la aina hiyo kwa muda, kwa dakika 40 au 50, na huitwa kashikiri. Uliza hilo neno.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja humu: kama utakuwa umetoka harusini na una piko au hina mikononi, mjulishe mwenye nyumba mapema. Japani sehemu nyingi za kuoga haziruhusu wenye chale za mwilini, kwa sababu chale zimehusishwa na magenge ya uhalifu, na mhudumu asiyeijua hina anaweza kudhani ndizo. Bafu la kufunga linamaliza mjadala huo pia.

Kuoga kwenyewe kuna adabu yake. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu lote litoke, ndipo unaingia birikani. Birika ni la kujipashia joto, si la kujisafishia. Nywele zifungwe juu. Maji huwa nyuzi 41 au 42, kwa hiyo dakika tano hadi kumi za mwanzo zinatosha, utoke, unywe maji ya kawaida, urudi. Mwenye shinikizo la damu asizame mpaka shingoni na asinyanyuke ghafla. Yukata, lile vazi utakaloletewa, upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti, na utamshtua mhudumu.

Upole wa wahudumu wa nyumba hizi siwezi kuumaliza. Yule mama wa makamo aliyetupokea aliona tu jinsi mama alivyoshika ukuta akivua viatu. Hakuuliza kitu. Tulipoingia chumbani tulikuta kiti kifupi kimeshawekwa mezani badala ya mto wa kukalia chini, na wakati wa kula kilikuwapo tena. Sala nayo haikuwa na taabu: tatami ni safi, hakuna anayeikanyaga na viatu, hata ndala za ndani unaziacha mlangoni. Kibla kwa huku ni magharibi ukielekea kidogo kaskazini, na simu itakuonyesha.

Chakula ndicho kinachotaka maandalizi. Nguruwe ni rahisi kumwepuka. Shida ni pombe ya mapishi: mirin na sake, zote pombe za mchele, zimo kwenye supu, kwenye mchuzi wa samaki na kwenye kitoweo cha mboga, na hata miso, ule uji mzito wa soya iliyochachushwa, ya dukani mara nyingine hutiwa alkoholi isiharibike. Ukifika mezani ndipo ukasema, mpishi hana la kufanya, maana ameshaanza tangu mchana. Andika unapoweka nafasi, kisha rudia siku kadhaa kabla ya kufika: hatuli nguruwe, hatuli nyama isiyochinjwa kihalali, hatutumii mirin wala sake hata kwenye kupika. Nyumba nyingine zitakataa kwa heshima, na mimi huona hilo ni bora kuliko kuahidiwa uongo. Wanaokubali watakupa samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi tupu, tempura ya mboga za mlimani, yaani mboga zilizochovywa kwenye rojo ya unga zikakaangwa, tofu, ile jibini ya soya, na wali. Na konnyaku, kitu kama jeli ngumu ya kiazi, haikosi, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya viazi vyake Japani nzima vinalimwa Gunma. Beba chupa ndogo ya soya yenye alama ya halali kutoka Tokyo, na pilipili yako kama huwezi bila pilipili.

Safari ni nyepesi. Kutoka kituo cha Ueno kuna treni ya haraka mpaka Nakanojo, kama saa mbili, kisha basi dakika 40 hivi mpaka Shima. Lipo pia basi la moja kwa moja kutoka kituo cha Tokyo. Masanduku makubwa yaacheni hotelini Tokyo, maana ngazi za Honkan si za mizigo. Mwanzo wa Novemba majani ya milimani yanakuwa mekundu na Wajapani wenyewe hujaa, hasa Jumamosi, siku ambayo bei hupanda. Kama mkutano wenu unaisha Ijumaa, tembeeni Tokyo Jumamosi, mwende Shima Jumapili mlale mpaka Jumatatu. Ukishajua tarehe, nitumie ujumbe faragha, nikuandikie hayo maelezo ya chakula na bafu la kufunga kwa Kijapani uyabandike tu kwenye fomu yao.