Mkubwa wangu wa kazi hanipi ripoti kamili ya wodi

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi mpya wodi ya wazazi, Pemba. Kuna muuguzi wa siku nyingi, kila tukipokezana zamu ananibeza mbele ya wagonjwa. Juzi nilimuuliza mgonjwa wa kifafa cha mimba kachomwa saa ngapi sindano ya mwisho ya magnesiamu, akanijibu: "Tafuta mwenyewe, si una diploma?" Na faili tupu. Huu ni unyanyasaji, au ndivyo wapya wanavyofunzwa?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Mkubwa akikufokea kwa kuwa hukunawa mikono, akakuonyesha, yakaisha, huyo anakufunza. Anayekubeza kila zamu na hujifunzi kitu anakunyanyasa. Anayekunyima ripoti ni zaidi ya hapo, maana atakayeumia ni mgonjwa.

Magnesiamu ya kuchoma kwenye nyama hurudiwa kila baada ya saa 4, na kabla ya kurudia unapima: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, goti likigongwa liitike. Usipojua saa ya dozi iliyopita, utamzidishia pumzi zikatike, au utachelewa kifafa kirudi. Kwa hiyo asiondoke mpaka aiseme. Akikataa, mpigie inchaji, yaani msimamizi wa wodi, au daktari wa zamu hapo hapo, wala usione haya.

Maneno yake yawekee jibu mapema. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 huko Marekani, muuguzi mtafiti Martha Griffin aliwafanyisha wauguzi wapya 26 mazoezi ya majibu mafupi ya namna hii, wakapewa na vikadi vya kuwakumbusha. Lako liwe: "Bi fulani, nikikosea niite pembeni. Sasa naomba ripoti ya kitanda cha nne." Sauti ya chini, na usijibizane.

Weka daftari: tarehe, zamu, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Jina la mgonjwa usiandike. Kisha inchaji, halafu matroni, kwa barua. Najua kwetu Pemba mtapelekana kwa wazee, pengine mna ujamaa hata. Ya kubezana yasuluhishwe huko, si vibaya. Ya ripoti ya mgonjwa hayana sulhu ya barazani. Yaandikwe hospitali, na yakikwama lipo Baraza la Wauguzi na Wakunga.

Na faili ukilikuta tupu, usimjazie kwa kukisia. Andika saa uliyompokea mgonjwa, ulichokikuta, na uliyempigia simu.