Unakuja Tengeru kusoma uzamili? Chagua mtaa kwa ratiba yako

Kila mwaka wa masomo unapokaribia napata ujumbe wa namna hii: "Dada, nimepata nafasi Nelson Mandela. Nipange Arusha mjini au Tengeru?" Anayeuliza mara nyingi ni mtu mzima. Ameshafanya kazi, ameomba ruhusa kwa mwajiri, na huenda anakuja na mwenza na watoto. Wengi humjibu kwa sifa za mitaa: Njiro kumetulia, Sakina kumechangamka, kwingine usiguse. Mimi humuuliza mambo mawili kwanza: utakuwa unatoka chuoni saa ngapi, na unakuja na nani?

Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru nje kidogo ya mji wa Arusha, ilianzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya masomo ya uzamili na uzamivu katika sayansi na teknolojia. Kwa hiyo maisha yake si ya kuhudhuria kipindi saa mbili asubuhi kisha ukarudi zako nyumbani. Muhula wa kwanza unaweza kwenda hivyo, ila utafiti ukianza, sampuli ndizo zinazokupangia siku. Mashine ikiwa na foleni, zamu yako inaweza kuangukia jioni, na kuna vipimo ambavyo ukishavianza huwezi kuviacha katikati. Nimesoma na watu waliokuwa wanatoka maabara usiku mnene, na waliokuwa na amani ni wale waliokaa jirani.

Mchana, kutoka mjini hadi Tengeru hakuna shida. Barabara ina njia nne tangu Sakina, na daladala za Tengeru na Usa River zinapita muda wote kupitia Sanawari, Philips, Kimandolu na Ngulelo. Lakini daladala inakushusha barabarani, na chuo kiko ndani, kwa hiyo unaongeza bodaboda au bajaji. Ukipiga hesabu ya nauli, hesabu safari zote za siku, kwenda na kurudi. Wengi wanaoshangilia chumba cha bei nafuu mjini huhesabu daladala tu. Usiku daladala zikishapungua, utategemea bodaboda peke yake, na kwa dada anayetoka maabara akiwa mwenyewe, hilo si suala la nauli tu. Tafuta dereva mmoja anayefahamika kituoni, chukua namba yake, na wenzako wajue ndiye anayekuleta.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayekuja peke yake halibadiliki: kaa Tengeru, au popote ambapo unaweza kurudi bila kuvuka mji. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko, hapo barabarani kunajaa na daladala zinagombaniwa. Vumilia tu, maana soko hilohilo ndilo litakalokulisha. Ndizi, parachichi na mboga za majani zinashuka kutoka mashambani zikiwa mbichi kabisa, na mwanafunzi anayesubiri fedha za ufadhili atajua thamani yake.

Ukija na watoto, kabla ya geti, vigae na jiko la ndani, uliza maji. Hapa naomba unisikilize vizuri. Ukanda huu wa chini ya Mlima Meru una miamba ya volkano, na maji ya sehemu nyingi za Arumeru yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu meno ya watoto. Watu wenye meno ya kahawia utakaokutana nao kuanzia Tengeru hadi Maji ya Chai na Kikatiti hawakuacha kupiga mswaki. Meno yao yaliharibika yakiwa bado yanajiunda ndani ya fizi, utotoni. Ndiyo maana mtu mzima aliyekuja kusoma miaka miwili meno yake hayatageuka rangi, lakini mtoto wake wa miaka miwili au mitano yumo hatarini.

Kuchemsha hakusaidii. Kunaua vijidudu, ila floraidi inabaki, na maji yakipungua kwenye sufuria, kiwango chake kwenye yale yaliyobaki ndiyo kinapanda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mimi nilipopenda nyumba moja yenye kisima uani, nilichukua maji kwenye chupa safi nikayapeleka maabara yakapimwe kabla sijatoa kodi. Majibu yalivyokuja, nikaiacha nyumba ile na uzuri wake wote. Usishangae visima viwili vya majirani vikatofautiana, ni jambo la kawaida huku, kwa hiyo jibu la jirani lisikutoshe. Kama nyumba umeshaipata na maji yake si mazuri, tenga maji ya kunywa na kupikia: ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, au yaliyopita kwenye chujio lililotengenezwa kuondoa floraidi. Kule Ngurdoto wamefanyia kazi uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwa miaka mingi, na hapohapo chuoni Dk. Askwar Hilonga alibuni chujio lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Utakuwa unaishi jirani na watu wanaolijua tatizo hili kuliko wengi, waulize.

Nyumba usiitazame mchana na dalali pembeni yako. Dalali analipwa ukikubali, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo kwake kila kitu kipo. Rudi mwenyewe jioni. Simama kwenye genge la karibu, nunua nyanya, salimia vizuri. Mimi nilimwambia mama mmoja wa genge, "Shikamoo mama, nataka kuhamia nyumba ile ya geti la bluu." Akaitikia, akaendelea kupanga vitunguu, kisha akasema, "Maji pale yanatoka Jumanne na Ijumaa, mwanangu, na mashine ya kuvutia mnachangiana umeme." Dalali alikuwa ameniambia maji ni saa ishirini na nne. Nenda pia Jumamosi usiku usikilize muziki unakotokea, maana tasnifu haiandikiki jirani na spika.

Ukiwa ndani, piga simu na ufungue intaneti pale hasa utakapoweka meza, usiishie mlangoni. Uliza LUKU ni yako peke yako au mnachangia, na kama mnachangia, nani ana friji. Angalia udongo wa njia ya kuingilia. Kiangazi ni vumbi, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni tope ambalo bodaboda wengine hukataa kulikanyaga.

Kama mwenza wako anafanya kazi mjini, tafuteni katikati, Ngulelo au Kimandolu, ili kila mmoja apande gari moja. Anayekwenda Chuo cha Uhasibu, Njiro inamfaa hata kama kodi iko juu kidogo, na wa Chuo Kikuu cha Makumira akae Usa River. Wa KCMC, hospitali na chuo cha udaktari kule Moshi, atazame Longuo na Rau kabla ya kuanza kuzunguka mjini.

Kuhusu kodi, wenye nyumba wengi watataka miezi sita au mwaka. Fedha za ufadhili huchelewa, na ukishalipa mwaka huwezi kuhama hata maji yakikatika. Mimi huwashauri watu wafikie kwanza kwenye chumba cha muda karibu na chuo, watafute wakiwa hapahapa, kisha waombe kuanza na miezi mitatu. Mwambie mwenye nyumba ukweli: mimi ni mwanafunzi, fedha zangu zinakuja kwa awamu. Wapo wanaokubali, hasa mpangaji akiwa mtu mzima anayeeleweka. Makubaliano yaandikwe, pamoja na nani anatengeneza bomba likipasuka na notisi ni ya muda gani, kila mtu abaki na nakala yake. Wiki hiyohiyo nenda ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa ukajitambulishe na kitambulisho chako. Siku ukihitaji barua ya utambulisho ya benki, au ukipata tatizo na mwenye nyumba, mwenyekiti atakuwa anakufahamu tayari.