Kwa mdogo wetu aliyeko Ujerumani: hapana, hukuzi mambo

Mdogo wangu, umeuliza kama unakuza mambo. Uko Ujerumani unasoma, mwalimu wa maabara anakuita kwa jina la yule mwanafunzi wa Kinaijeria, kwenye basi kiti cha pembeni yako kinabaki wazi huku watu wamesimama, mtu anakushika nywele bila kuomba, na mtu mkimaliza tu kusalimiana anataka kujua utarudi lini kwenu. Wengi waliokujibu hapa wamekwambia puuza, umekwenda kusoma. Sikubaliani nao, na nasema hivyo kwa kuwa haya nimeyaishi hapa hapa Dar.

Mimi ni Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Babu alitoka Gujarati, baba alizaliwa mjini hapa, mimi nimezaliwa na kukulia Upanga. Kazi yangu ni uuguzi, wodi ya wazazi, hospitali ya serikali.

Asubuhi napanda daladala Posta kwenda Temeke. Konda akiniona tu anapaza sauti: "Leo Mhindi kapanda! Gari la nyumbani limekufa?" Gari zima linacheka. Mama wa siti ya mbele ananigeukia kwa huruma, ananiuliza kama nakijua kituo cha kushukia. Njia hiyo nimeipanda tangu konda hajazaliwa. Nikifika kazini, ndugu wa mgonjwa ananiita daktari. Nikimwambia mimi ni nesi, anaangalia nyuma yangu kumtafuta nesi mwenyewe. Sokoni bei inapanda kabla sijauliza. Halafu zinakuja sifa: "Dada, Kiswahili chako kimenyooka, umejifunzia wapi?" Kwa mama yangu, na kwa majirani wa Upanga, kama wewe ulivyojifunzia kwenu.

Hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye nia mbaya, naamini hivyo. Ndiyo maana ukilalamika unaonekana una kisirani. Lakini mimi nimefika kazini nimeshachoka kabla sijamshika mgonjwa wa kwanza.

Jambo hili lina watu waliolichunguza muda mrefu. Chester Pierce, daktari wa magonjwa ya akili pale Chuo Kikuu cha Harvard na Mmarekani mweusi, aliliandikia mwaka 1970. Alisema vitendo hivi vidogo, ukikitazama kimoja kimoja, havionekani kuwa na uzito, ila vinamdhuru mtu kwa kurundikana. Mwaka 2007 mwanasaikolojia wa Marekani, Derald Wing Sue, na wenzake wakavipanga kwa aina: kuna dharau ya makusudi, kuna tusi ambalo msemaji halijui, na kuna kule kukanushwa, unaposimulia yaliyokupata ukaambiwa hayapo. Hili la mwisho ndilo ulilofanyiwa na waliokwambia puuza.

Sasa niseme wazi, mzigo wangu na wako haulingani. Mkoloni aliupanga mji huu kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na Waafrika huko Kariakoo, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kututenganisha. Shule zilikuwa za rangi. Hata uchaguzi wa 1958 kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Katika mpango ule sisi tuliwekwa daraja la kati, na daraja lile lilitupa maduka na nyumba. Mtu wa Temeke anaponiona akafikiria pesa, hajaliota. Kuna historia nyuma yake. Wewe huko ulipo unapoonwa, wanachokifikiria si pesa.

Lakini kuna kitu tunachofanana, nacho ndicho kinachochosha kuliko maneno yenyewe. Mimi na wewe tunatakiwa tuthibitishe kwanza ndipo tuhudumiwe. Wenzetu wanaanza na shida iliyowaleta, sisi tunaanza na kujieleza.

Nikupe mfano. Nilikwenda ofisi moja kufuatilia kitambulisho. Dada aliyenitangulia alitoa cheti cha kuzaliwa, akajaza fomu, akaondoka. Zamu yangu nikatoa cheti kama chake. Kijana wa dirishani akakigeuza mbele na nyuma. "Cha baba kipo?" Kipo. "Na cha babu?" Sasa, baba yangu alituachia bahasha ya kaki. Ndani yake kuna cheti cha uraia cha babu, alichojiandikisha mwanzoni mwa Uhuru, kimepigwa plastiki, kona moja imeliwa na mchwa kabla ya plastiki kufika. Baba alitembea na bahasha ile kila ofisi, aliitoa hata asipoombwa. Siku ile ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikuitoa. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, yule dada aliyetoka sasa hivi ulimwomba cheti cha babu yake?"

Akanyamaza. Akanitazama, akaitazama foleni, kisha akanisogezea fomu.

Hicho ndicho ninachokushauri: usitoe uthibitisho ambao mwenzako haombwi. Usigombane wala usitoe hotuba. Uliza swali jepesi, halafu nyamaza umwachie alijibu yeye. Wanaposema "Kiswahili chako kizuri" nawajibu "na chako pia", tunaendelea na kilichonileta. Anayeuliza utarudi lini kwenu, mwulize na yeye ana mpango gani akimaliza chuo. Nywele si za mjadala: toa kichwa, sema usinishike. Na usifikirie kwamba ukiwa mpole zaidi, msafi zaidi, ukafaulu zaidi, watakoma. Baba yangu alikuwa mtu mpole kuliko wote ninaowafahamu na bahasha haikumtoka mkononi.

Kuna kitu kingine, hiki nawaambia na ndugu zangu wa Upanga na Kisutu wanaosoma hapa. Tunaumia tukiitwa wageni, na baadhi ya nyumba zetu dada wa kazi ana kikombe chake peke yake, cha bati, kinakaa juu ya dirisha mbali na vyombo vingine. Kwa shangazi yangu kilikuwepo. Nilipokwenda kumsalimia nilikichukua, nikanywea chai yangu, nikamwambia yule dada achukue kikombe chochote kabatini. Shangazi alinuna wiki nzima. Oktoba 1961, bungeni, Nyerere alikataa kata kata uraia upimwe kwa rangi, na alikuwa akisimama dhidi ya watu wa upande wake mwenyewe. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi wa rangi na wa mahali mtu alipotokea. Sheria haiwezi kuingia jikoni kwa shangazi, sisi tunaweza. Nanyi mnaomcheka Mhindi kwenye daladala, kijana wenu yuko kwenye basi Ujerumani, kiti cha pembeni kiko wazi.

Tafuta pia watu ambao kwao huhitaji kujieleza, hata wawili tu. Mimi ninao wauguzi wa zamu yangu. Nikiingia nimekunja uso, sista mkuu ananisogezea chai na kuuliza, "Konda?" Yanaishia hapo.

Umeuliza mwisho kama umwambie mwalimu wa maabara kuhusu jina. Mwambie. Mfuate siku hiyo hiyo atakaporudia, mkiwa wawili, umtajie jina lako na la mwenzako, umwombe asiyachanganye. Akirudia tena, mrekebishe pale pale mbele ya darasa, kisha uendelee na kazi yako. Iandike tarehe na alichosema. Vyuo vingi huko vina ofisi ya kupokea malalamiko ya ubaguzi, na ukifika pale watataka tarehe, kwa hiyo anza kuandika leo.