Jibu: Kwa nini Tanzania haikuishia Kagera 1979?

Ndugu, umeuliza kwa nini Nyerere hakusimama mpakani baada ya kuikomboa Kagera, eneo la mpakani lililovamiwa na Idi Amin, mtawala wa Uganda. Anza na diplomasia. Novemba 1978 Amin alitangaza eneo lile ni la Uganda. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukahimiza usuluhishi bila kumlaani. Kwa Nyerere, kusimama mpakani kulimaanisha kumsubiri Amin arudi.

Pitia Lukaya, mji wa Uganda kwenye barabara ya kwenda Kampala, pale abiria wananunua nyama ya kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) kupitia madirisha ya basi. Tazama barabara ilivyobanwa na kinamasi. Machi 1979 Walibya waliomsaidia Amin waliwarudisha Watanzania nyuma hapo, lakini brigedi ya 208 ya Tanzania ikazunguka, ikawapiga ubavuni. Njia ya Kampala ikawa wazi.

Jambo ambalo wengi hulipuuza, nami naliona zito kuliko Lukaya, ni mkutano wa Moshi. Waganda wa uhamishoni waliunda UNLF, muungano wa vikundi vyao vilivyompinga Amin, Machi hiyohiyo, kabla Kampala haijaanguka tarehe 11 Aprili. Serikali ilikuwa tayari, ila umoja wake ulikuwa wa haraka mno: Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais tarehe 13 Aprili, akaondolewa tarehe 20 Juni.