Mtunza hesabu wa biashara ndogo: mpime kwa mwezi mmoja wa karatasi zako

Wenye biashara ndogo wengi humtafuta mtunza hesabu siku ambayo mambo yameshaharibika. Mamlaka ya kodi inadai taarifa, benki imekataa mkopo mpaka ione hesabu, au mauzo yanaonekana mazuri lakini pesa hazipo. Kwa haraka hiyo huchukuliwa yeyote aliye karibu, mradi ana cheti au bei yake ni ndogo. Cheti kina uzito wake, na bei pia. Lakini kabla hujatazama hivyo viwili, kuna swali linalopimika: je, mtu huyu anaweza kuoanisha vitabu vyako na taarifa ya benki hadi tofauti iishe, na kila tofauti aliyoikuta akakueleza imetoka wapi?

Tuanze na majina, maana yanachanganywa sana. Mtunza hesabu ndiye anayerekodi miamala siku hadi siku, anapanga risiti na ankara, anafuatilia wadaiwa na wadai, na anafunga mwezi. Mhasibu huzichukua kumbukumbu hizo akatengeneza hesabu za mwaka, akakokotoa kodi na kukushauri. Mkaguzi huja kuthibitisha, na hapaswi kukagua kazi aliyoifanya kwa mkono wake mwenyewe. Ukimwajiri mhasibu kuandika risiti, unalipa bei ya ushauri kwa kazi ya uandishi. Ukimtaka mtunza hesabu akushauri kuhusu kodi ilhali hana ujuzi huo, faini utakayolipa ni yako, si yake.

Kabla ya kuongea na yeyote, pima kazi yenyewe. Toa taarifa za benki na za pesa za simu za miezi mitatu, hesabu mistari yote, gawa kwa tatu. Andika pembeni: una akaunti ngapi, wafanyakazi wangapi wa kulipwa mshahara, unauza kwa mkopo au la, unatunza bidhaa ghalani au unatoa huduma tu, umesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani au bado. Biashara yenye miamala 40 kwa mwezi na akaunti moja inatosheka na mtu wa siku moja au mbili kwa mwezi. Yenye miamala 400, bidhaa ghalani na wateja wa mkopo inahitaji mtu kila wiki. Karatasi zikikaa mwezi mzima bila kuguswa, hakuna atakayekumbuka ule mstari wa tarehe 3 ulikuwa wa nini. Mtu anayekutajia bei kabla ya kuuliza mambo haya anabahatisha, na mwezi wa tatu atarudi kuomba nyongeza au ataanza kuruka kazi.

Sasa jaribio. Chagua mwezi mmoja wa zamani, funika majina ya wateja na namba za akaunti, mpe taarifa ya benki, ankara na risiti za mwezi huo. Mlipe kwa kazi hiyo, kwa kuwa ni kazi halali. Hakikisha ndani yake mna vitu vinne: risiti moja iliyonakiliwa mara mbili, uhamisho wa pesa kati ya akaunti zako mbili, rejesho la mkopo, na malipo yasiyo na risiti. Halafu subiri maswali yake. Anayerudisha kazi safi bila kuuliza chochote amejaza mapengo kwa kukisia, na makisio hayo ndiyo yatakayokaa kwenye vitabu vyako kwa miaka.

Akiisha kuleta, angalia kwanza ulinganishi wa benki, kabla ya faida. Unapaswa kuonekana hivi. Benki inasema salio la mwisho wa mwezi ni 8,450. Kuna pesa zilizopelekwa benki siku ya mwisho ambazo hazijaonekana kwenye taarifa, 600, ongeza. Kuna hundi zilizotolewa ambazo wenyewe hawajazipeleka benki, 350, toa. Unapata 8,700. Upande wa pili, vitabu vinasema 8,725, ila benki ilikata ada ya 25 ambayo ilikuwa haijaandikwa, toa. Unapata 8,700. Pande mbili zimekutana, na kila namba ya katikati ina karatasi yake. Kama umekuta mstari unaoitwa “marekebisho” au “tofauti” uliowekwa ili pande zikutane, huyo hajaoanisha, amelazimisha.

Mwulize pia angeitafutaje tofauti ikigoma. Mzoefu ana njia zake. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, atashuku tarakimu zilizopishana: aliyeandika 5,400 badala ya 4,500 amezalisha tofauti ya 900. Sifuri iliyozidi nayo hutoa dalili hiyo hiyo: 370 iliyoandikwa 3,700 inaleta 3,330, ambayo ni 9 mara 370. Tofauti ya 280 ataigawa kwa mbili, atafute muamala wa 140 ulioandikwa upande usio wake, yaani malipo yaliyoingizwa kama mapokezi. Mtu ambaye kazi hii ameifanya kwa mikono huyasema haya bila kufikiri.

Kisha rudi kwenye vile vinne ulivyoviweka. Uhamisho kati ya akaunti zako si mauzo. Ukihesabiwa mapato, unajikuta unadaiwa kodi ya pesa ambazo hukuzipata. Rejesho la mkopo ndilo linalowaangusha wengi. Umelipa 500, ambapo 420 ni kupunguza deni na 80 ni riba. Gharama ya biashara hapo ni 80 tu. Anayeandika 500 zote kama gharama anakuonyesha faida ndogo kuliko ya kweli, na wakati huo huo vitabu vinaendelea kusema deni halijapungua. Swali jingine la kumtupia ni malipo ya awali: mteja amelipa leo, kazi ataipata mwezi ujao. Mpaka kazi ifanyike, pesa hizo ni deni lako kwake. Na zile unazochukua wewe mwenyewe kwa matumizi ya nyumbani haziingii kwenye gharama za biashara, hata kama zimetoka kwenye droo moja na nauli ya mzigo.

Kuhusu wadhamini wa tabia, mwombe akupe mteja mmoja anayemhudumia sasa na mmoja aliyeachana naye. Huyo wa pili ndiye mwenye habari. Muulize mambo mawili tu: vitabu vilikuwa vimefikia mwezi gani siku alipoondoka, na makabidhiano yalichukua siku ngapi.

Ndugu wa ukoo si kosa kumwajiri. Ila apite jaribio lile lile, kwa karatasi zile zile. Kinachoharibu ni kuogopa kumuuliza.

Hata ukimpata mzuri, usimpe kila kitu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini mali hupotea pia pale daftari na funguo vinapokaa kwa mtu mmoja. Anayeandika vitabu asiwe ndiye anayepokea pesa wala anayeidhinisha malipo. Kwenye benki mpe ruhusa ya kuona tu. Anaweza kuandaa malipo, wewe ndiye unayeyapitisha. Sababu yake ni hii: akipokea na kuandika pia, anaweza kuchukua pesa ya mteja wa kwanza, akaifunika kwa malipo ya mteja wa pili, ya pili kwa ya tatu, na vitabu vikabaki vizuri machoni. Mzunguko huo unahitaji mikono yake kila siku, ndiyo maana mtu asiyekubali likizo hata wiki moja, na hataki mwingine aguse kazi yake, anastahili kuangaliwa kwa karibu. Anaweza kuwa mchapakazi tu. Mpe likizo hiyo, mtu mwingine ashike kazi, utajua.

Mkataba uwe mfupi lakini uandikwe. Ndani yake mtaje kazi zipi ziko ndani ya bei ya mwezi na zipi zinalipiwa pembeni (mishahara na taarifa za kodi ndizo huleta ugomvi), tarehe ya kukabidhi, nani anawajibika kwa faini ya kuchelewesha karatasi zikiwa zimemfikia kwa wakati, usiri, na notisi ya kuachana. Programu ya hesabu isajiliwe kwa jina la biashara na barua pepe yako, yeye aongezwe kama mtumiaji. Ikisajiliwa kwa jina lake, siku mkikosana historia yako yote iko mfukoni mwake. Kila mwisho wa mwezi pakua nakala ya leja (daftari lenye miamala ya kila akaunti) na urari (orodha ya masalio ya akaunti zote), uweke mahali ambapo yeye hafiki.

Dai kwamba ifikapo tarehe 10 ya kila mwezi uwe na taarifa ya faida na hasara, mizania (mali na madeni ya biashara kwa siku hiyo), ulinganishi wa kila akaunti ya benki, na orodha ya wadaiwa ikionyesha walio ndani ya siku 30, 60 na 90. Huhitaji kusomea uhasibu ili kuzikagua. Tazama akaunti ya pesa taslimu: haiwezi kuwa na salio hasi, kwa sababu droo haiwezi kuwa na pesa pungufu ya sifuri. Ikiwa hasi, kuna mapokezi hayajaandikwa au malipo yameandikwa mara mbili. Tazama akaunti ya muda, ile ya vitu ambavyo havijajulikana pa kuwekwa. Ikikua mwezi hadi mwezi, maswali hayaulizwi. Kila baada ya miezi mitatu chukua risiti 10 kutoka kwenye faili, uzifuate mpaka kwenye mstari wa benki. Kisha geuza: chukua mistari 10 ya benki, utafute risiti zake. Usimtangazie siku.