Vifupa vya chura kwenye mashapo: anza na goko, kisha mgongo

Ndugu, umeuliza kama vifupa ulivyovikuta kwenye tope kavu la ziwa la kale ni vya chura au vya mjusi, na kama ni chura, wa jamii gani. Nimeosha na kuchekecha mashapo, yaani tope lililotuama majini, misimu mitatu, hivyo nakujibu kwa niliyoyashika mwenyewe.

Tafuta goko kwanza, yaani mfupa kati ya goti na kifundo cha mguu. Mjusi ana mifupa miwili ya goko iliyoachana. Ya chura imeungana ikawa mmoja. Ukipata kipande, kitazame kwa lenzi pale kilipovunjika: mara nyingi utaona vitundu viwili vimekaa sambamba kama matundu ya pua. Changu cha kwanza kilikuwa na urefu wa punje ya mchele. Nilikuwa nimeshakiweka upande wa miiba ya samaki, nikakigeuza tena kwa kibano, nikaona vile vitundu viwili, na moyo ukanidunda.

Kujua jamii ndiyo kazi yenyewe. Fuvu la chura ni jepesi, mara nyingi limeshasagika. Geukia pingili za mgongo. Zikiwa na kinundu mbele na kikombe nyuma, fikiria vyura wa majini wasio na ulimi, jamaa za Xenopus. Kwa hao, pingili ya nyonga, ile inayoshikana na mifupa ya nyonga, huwa imeungana na kile kifupa kirefu kama kijiti kilichoshika nafasi ya mkia. Singidella latecostata, aliyeelezwa mwaka 2005 kutoka Mahenge mkoani Singida, ni wa ukoo huo. Aliishi kwenye ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, yapata miaka milioni 46 iliyopita.

Lakini pingili ya nyonga ikiwa imeungana na ile iliyo mbele yake, waangalie Ptychadena, wale vyura wa majanini wanaoruka mbali. Jamaa zao wamepatikana Rukwa, kwenye tabaka za miamba ziitwazo Nsungwe, za takriban miaka milioni 25.

Nakusihi usikimbilie jina la spishi. Pingili moja ikikufikisha kwenye familia, ishia hapo. Mimi nilijifunza zaidi kwa chura wa leo aliyekufa: siafu walimla nyama, mifupa nikaipanga kwenye kitambaa cheusi, nikalinganisha kimoja kimoja.

Vilivyobaki ardhini usivichimbue wala kuvipaka gundi. Piga picha ukiweka rula pembeni, andika ni tabaka lipi, kisha wapigie watu wa Mambo ya Kale. Na tuwekee hapa picha ya ile pingili pana uliyosema umeipata, upande wa mbele na wa nyuma.